Maswali yenu kuhusu wakfu za familia: hospitali, shule na kiti cha profesa

Je, wakfu za familia za Kiyahudi husaidia Wayahudi peke yao? (Msomaji, Mwanza)

Hapana. Swali hili hunifikia mara kwa mara, na wengi wanaoliuliza wameshajijibu moyoni. Julius Rosenwald wa Chicago, mkuu wa kampuni ya Sears, Roebuck, alichangia jumuiya yake ya Kiyahudi mjini humo kwa miaka mingi. Wakati huohuo alishirikiana na Booker T. Washington, mwalimu mweusi mashuhuri, kuanza kujenga shule za watoto weusi vijijini Kusini mwa Marekani, ambako serikali za majimbo ziliwanyima watoto hao karibu kila kitu. Wakfu wake ulianzishwa mwaka 1917. Kufikia mwaka 1932 yalikuwa yamesimama majengo 5,357 katika majimbo 15, yakiwemo madarasa, nyumba za walimu na karakana. Anayetaka kubisha aanze na majengo hayo.

Kwa nini tajiri amwage pesa kwenye masomo ya Kiyahudi chuo kikuu wakati watu wanalala njaa? Mimi naona ni anasa. (Mwalimu, Iringa)

Mwalimu, wewe hasa hukupaswa kuita mshahara wa mwalimu anasa.

Mchukue Lucius Littauer. Alizaliwa mwaka 1859 Gloversville, mji wa jimbo la New York ulioishi kwa kushona glavu. Baba yake, Nathan, alikuwa mhamiaji wa Kiyahudi kutoka Prussia, dola ya zamani ya Wajerumani. Mwana aliiendeleza biashara ya glavu ya familia, akatajirika, akaingia hadi Bunge la Marekani. Mwaka 1894 aliupa mji wake hospitali yenye jina la baba yake, na hadi leo watu wa Gloversville wanatibiwa humo bila kuulizwa dini. Kwa hiyo wagonjwa walitangulia, vitabu vikafuata.

Mwaka 1925 akakiwekea Chuo Kikuu cha Harvard mtaji wa kumlipa profesa wa fasihi na falsafa ya Kiyahudi. Tazama wakati wenyewe. Mwaka 1922 rais wa chuo hicho, A. Lawrence Lowell, alikuwa amependekeza wanafunzi wa Kiyahudi wawekewe kikomo cha idadi. Chuoni humohumo kikaja kiti cha kudumu cha elimu yao, naye Harry Wolfson, mhamiaji aliyezaliwa Ostryna, Belarus ya leo, akapewa akikalie. Kabla ya hapo kazi yake ilining'inia kwenye michango ya watu. Alifundisha kwenye kiti hicho mpaka mwaka 1958. Alishinda katika Widener, maktaba ya chuo hicho, tangu asubuhi hadi usiku, akaandika juu ya wanafalsafa Crescas, Spinoza na Philo. Aliandika pia kitabu kikubwa kuhusu wanafalsafa wa Kalam wa Kiislamu, yaani elimu ya kuijadili imani kwa hoja, ambayo mashekhe wetu wa pwani wanaijua vizuri, na kilichapishwa miaka miwili baada ya kifo chake.

Kazi ya namna hiyo haizaliwi na ufadhili wa miezi sita na semina mbili za hotelini. Inazaliwa pale mtu mmoja anapohakikishiwa mkate wake kwa maisha yake yote ya kazi. Hapo ndipo ninapogombana na wafadhili wa siku hizi, wawe Wayahudi, Waislamu au Wakristo: wanapenda kukata utepe, lakini ukiwaomba mshahara wa mhadhiri au muuguzi wanaita "gharama za uendeshaji" na kukunja uso. Littauer alimlipa mtu.

Masomo ya Kiyahudi si dini tu? (Msomaji, Mombasa)

Si dini tu. Kwenye sinagogi la Ben Ezra, Kairo ya kale, kulikuwa na stoo ya karatasi kuukuu. Ndani yake zilipatikana barua za wafanyabiashara Wayahudi wa karne ya 11 na ya 12 waliopeleka na kupokea mizigo baina ya Misri, Aden na India. Nyingi ziliandikwa kwa Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Msomi S. D. Goitein alizisoma kwa miongo mingi. Bahari hiyo ndiyo yetu, na mtu wa Mombasa ana haki ya kuzijua barua hizo.

Afrika je, kuna mfano? (Mwanafunzi, Dodoma)

Upo. Chuo Kikuu cha Cape Town kina Kituo cha Masomo ya Kiyahudi cha Isaac na Jessie Kaplan, kilichoanzishwa mwaka 1980 kwa pesa za wakfu wa familia na kupewa majina ya wazazi wa wafadhili.

Kuna mtu ananiambia nilipe ada ya usajili ili wakfu wa Marekani unipe ufadhili. Nilipe? (Msomaji, Kahama)

Usilipe. Nimeshaandika hivi mara nyingi, na bado watu wanauza mbuzi kumlipa tapeli. Wanaotoa pesa hawaanzi kwa kukuomba pesa.

Tunataka kuomba wakfu utujengee kituo cha wazee na maktaba. Tuanzie wapi? (Kamati ya kijiji, Muheza)

Anzeni mifukoni mwenu. Rosenwald hakujenga shule hata moja peke yake: alitaka wanakijiji wachange na serikali iweke sehemu yake. Watu weusi wa Kusini, wengi wao wakilima mashamba yasiyo yao, walichanga zaidi ya dola milioni 4.7, kiasi kilichoupita mchango wa wakfu wenyewe.

Pili, andikeni nani atamlipa mhudumu wa wazee mwaka wa tano. Musa bin Maimun, yule hakimu na tabibu wa Kiyahudi wa Kairo, alipanga sadaka kwa daraja nane. Ya juu kabisa ni kumpa mtu mkopo, ubia au kazi ili asihitaji kuomba tena. Kituo kisicho na mhudumu wala mshahara kitakuwa stendi ya popo, nanyi mtarudi kuomba rangi ya ukuta.

Wakfu bora ni upi, wa milele au wa kumaliza pesa? (Msomaji, Unguja)

Kila mmoja una kazi yake. Rosenwald aliagiza wake utumike wote ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake. Alifariki mwaka 1932, nao ukafungwa mwaka 1948, mapema kuliko alivyotaka. Kwa dhiki ya haraka, kama watoto wasio na darasa, namuunga mkono. Kiti cha elimu ni tofauti: kinahitaji mtaji usioguswa, kinaishi kwa faida yake. Ninyi wa Unguja mnajua nini hutokea mtaji wa wakfu ukiliwa na wasimamizi, kwa hiyo daini hesabu kila mwaka, hata kama msimamizi ni mjomba wako.

Wakfu binafsi za Marekani hutakiwa kisheria kutoa takriban asilimia 5 ya mali zao kila mwaka, na fomu yao ya kodi, 990-PF, iko wazi kwa yeyote. Humo yameandikwa majina ya waliopewa na kiasi walichopata. Isomeni kabla ya kuniandikia tena kuniuliza nani anafadhili nini.