Mwanangu, anayelipia habari ni nani?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili. Umeuliza: "Baba, kama magazeti na redio vinaishi kwa pesa za makampuni, vinanitumikia mimi au makampuni? Na kwa nini nilipie gazeti la mtandaoni wakati habari zimejaa bure kwenye simu?" Nilianza kukujibu kwa simu, vidole vikachoka. Basi nimekaa mezani nikuandikie kama zamani.

Kuna kitu huenda sikuwahi kukusimulia. Miaka ile nilipokuwa napanga kurasa, karatasi ya ukurasa haikunifikia ikiwa tupu. Ilianzia idara ya matangazo, ikaletwa mezani kwangu ikiwa na visanduku vimechorwa kwa kalamu: hapa benki, hapa sabuni, hapa nusu ukurasa wa magari. Sisi wa habari tulipewa nafasi iliyosalia. Siku ambayo matangazo yalifurika, gazeti lilinenepa na habari zikapata pa kukaa. Yalipoadimika, kurasa zilipunguzwa, na mwandishi aliyehangaika wiki nzima akakuta kazi yake imekatwa mkia. Msomaji hudhani matangazo hupachikwa katikati ya habari. Pale mezani ilikuwa kinyume chake.

Mtindo huu ni wa zamani. Mwaka 1833 Benjamin Day alianzisha The Sun jijini New York, akaliuza kwa senti 1 wakati magazeti makubwa ya mji huo yaliuzwa kwa senti 6. Alikusanya wasomaji wengi kwa bei ya chini, kisha akawauzia wafanyabiashara macho ya wasomaji hao. Kibarua ambaye hakuwahi kumudu gazeti sasa alilishika mkononi, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini mwaka 1835 gazeti hilohilo lilichapisha mfululizo wa habari kwamba mwanaastronomia John Herschel ameona kwa darubini yake viumbe wenye mabawa ya popo wakiishi mwezini. Uongo mtupu, na watu wakaligombania! Msomaji akishakuwa bidhaa, kumkusanya kwa ukweli au kwa uzushi huwa ni suala la dhamiri ya mwenye duka.

Redio nayo haikuchelewa. Agosti 1922 kituo cha WEAF, New York hukohuko, kilipokea malipo ili kampuni ya nyumba izungumze hewani kuhusu makazi yake. Muongo uliofuata watengenezaji wa sabuni wakawa wanagharimia tamthilia za mchana, maana waliosikiliza saa hizo walikuwa akina mama wa nyumbani, wanunuzi wa sabuni. Tamthilia hizo zimebaki na jina la sabuni katika Kiingereza hadi leo.

Ukiishia hapo utasema vyombo hivi vyote ni wapiga debe. Ninakuomba usiishie hapo. Kabla ya matangazo kuwa mengi, magazeti mengi yalilishwa na vyama vya siasa na watawala, na anayelishwa na mkono mmoja hawezi kuung'ata. Pesa za biashara ziliyapa magazeti mengine mgongo wa kusimamia. Mwaka 1972 Sunday Times la Uingereza, chini ya mhariri Harold Evans, lilianza kuwapigania watoto waliozaliwa na viungo vifupi au bila viungo kabisa kwa sababu mama zao walipewa dawa ya thalidomide wakiwa wajawazito. Kampuni iliyouza dawa hiyo nchini humo, Distillers, ilikuwa ikitangaza kwa wingi katika gazeti hilo. Mahakama ikalizuia gazeti kuchapisha moja ya makala zake, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 1979 gazeti likashinda.

Evans alikuwa na moyo, sikatai. Ila moyo peke yake haulipi mishahara. Mtangazaji mmoja akinuna, unahitaji wengine wa kukubeba.

Na hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo. Waliokuwa wakitubeba hasa ni watu wa matangazo madogomadogo: anayeuza baiskeli, anayetafuta mpangaji, anayehitaji karani. Mistari mitatu kila mmoja, maelfu yao, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumpigia mhariri simu kumpa amri. Mwaka 1995 Craig Newmark alianzisha kule San Francisco orodha yake ya barua pepe, ikaja kuwa tovuti ya Craigslist, na matangazo ya namna hiyo yakaanza kuhamia mtandaoni, mengi yakiwa ya bure. Baadaye Google na Facebook wakachukua sehemu kubwa ya yale makubwa. Magazeti yakabaki na walipaji wachache, na mlipaji akijua kuwa wako wachache, sauti yake hupanda.

Niliisikia sauti hiyo. Jioni moja tulikuwa na habari iliyothibitishwa kuhusu bidhaa mbovu ya kampuni fulani, imepangwa ukurasa wa tatu, na picha juu. Simu ikalia ofisini kwa mhariri, mlango ukafungwa. Alipotoka hakuniangalia usoni. Habari ikawa aya nne ukurasa wa 17, jina la kampuni halimo, na pale ukurasa wa tatu nikaweka picha ya paka aliyelala juu ya piano. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiweka. Hakuna uongo uliochapishwa siku hiyo, ndiyo maana hakuna msomaji aliyelalamika.

Kwa hiyo wanamtumikia nani? Hesabu walipaji. Wakiwa wengi na wadogo, wewe ukiwa mmoja wao, una nafasi. Na unaposoma, usikague uongo tu. Jiulize pia ni kampuni gani inatangaza kila siku lakini haijawahi kuandikwa vibaya.

Kuhusu kulipia: mimi nalipia mawili. Moja linaniudhi karibu kila asubuhi, mama yako ananiuliza kwa nini silikatishi. Wiki iliyopita limemwandika vibaya mtangazaji wake mkubwa, ukurasa wa kwanza, jina zima. Nitakutumia nakala.

Baba yako