Barua kwa mwanangu: maji hutiwa ukigeuka mgongo

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikamsomea na mama yako. Unasema Jumanne, huko saiti Kigamboni unakosimamia ujenzi, ulimwambia fundi nondo afumue nguzo mbili kwa sababu ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kuzifunga nondo za nguzo, zimekaa mbalimbali kuliko mchoro unavyotaka. Akakujibu mbele ya vibarua: "Binti, mimi nafunga nondo tangu hujazaliwa." Watu wakacheka. Sasa unaniuliza: "Baba, nimfukuze mmoja ili wengine waogope, au nivumilie mpaka wanizoee?"

Yote mawili usiyafanye.

Mimi nilianza saiti mwaka 1984, saidia fundi, karai la zege kichwani. Tulikuwa na nyapara aliyekuwa akitutukania mama zetu. Ukichelewa dakika kumi anakukata nusu siku, ukijibu unaondoka. Zege wewe unalijua kwa hesabu, mimi nalijua kwa mabega. Likiwa na maji ya kipimo ni zito, ukilikoroga kwa beleshi mgongo unalia. Ongeza nusu ndoo ya maji, linakuwa kama uji, na kazi inakimbia. Basi yule bwana akiwa amesimama pale, tunakoroga kama anavyotaka. Akigeuka kwenda kuwafokea waashi, maji yanaingia. Hatukupanga wala hatukuambizana, tulitazamana tu. Tulipovua mbao, nguzo zilikuwa na matundu kama sega la nyuki. Zikapigwa plasta harakaharaka, kila mtu akanyamaza. Mpaka leo nikipita barabara ile natazama juu.

Hili sikuwahi kukusimulia, kwa aibu. Lakini ndilo jibu langu kwako. Mtu uliyemtisha atakufanyia kazi pale macho yako yanapofika, na kwenye jengo macho yako hayafiki mbali. Nani atakuwepo saa sita usiku kuona kama zege limemwagiliwa? Unajua wewe kuliko mimi kwamba linataka kuloweshwa siku saba angalau, na nguvu yake tunaihesabu siku ya 28. Siku zote hizo zipo mikononi mwa mtu anayekupenda au anayekuchukia.

Wala si mambo ya saiti peke yake. Babu yako alihamishwa mwaka 1974. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kuingia vijiji vya ujamaa lilikuwa jambo la hiari, watu waelezwe, waone faida, waje wenyewe. Mwaka 1973 ikawa amri. Nilikuwa mtoto, nakumbuka tulivyobeba milango. Kule kijijini babu yako, mtu aliyependa miembe kuliko chakula, hakupanda hata mmoja. Alijenga kibanda cha fito, miaka inapita, kibanda ni kilekile. Shule niliyosoma ilikuwa katika kijiji hicho na ninaishukuru, sitasema uongo. Lakini amri ilipolegea mzee alirudi mahameni, kwenye miembe yake ya zamani, na majirani wengi wakarudi naye. Naamini angekaliwa chini akaelezwa, angepanda.

Sasa nikueleze mtu aliyenibadilisha. Baada ya miaka kadhaa nilifanya kazi chini ya mzee mmoja wa Kilwa, foromani, mfupi, sauti ya chini. Wiki ya kwanza alituita wabeba zege wote. Akachukua makopo mawili ya maziwa. La kwanza akalijaza zege la kipimo. La pili akatuambia, "Hili korogeni mnavyopenda nyie." Tukatia maji, tukacheka, akacheka nasi. Siku ya pili akayatoa makoponi, akayazamisha kwenye pipa la maji. Baada ya siku saba akayaweka kwenye tofali, akampa nyundo kijana mmoja, mbishi kuliko wote. La kwanza nyundo iliruka, mkono ukamuuma. La pili lilimomonyoka kama kashata. Mzee akauliza swali moja tu: "Hapa juu watalala watoto wa nani?" Akaondoka kwenda kunywa chai.

Hapo hapakuingia maji tena. Tukawa tunakemeana wenyewe.

Watu husema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Mimi sikuambii ukawape mafundi maneno matamu, wanayajua na watakudharau. Yule mzee hakutusifu. Alituamini kwamba tukiona tutaelewa.

Kwa hiyo kesho mfuate huyo fundi kabla vibarua hawajafika. Anza na shikamoo. Najua una cheo, na karatasi zinasema yeye yuko chini yako, lakini ana umri wangu, na shikamoo haikupunguzii shahada yako hata herufi. Kisha muulize kwa nini ameziachanisha, na umsikilize kweli. Huenda ringi ziliisha akaogopa kusema. Huenda ndivyo alivyofundishwa kwenye nyumba za chini. Halafu shika naye nondo moja iliyosimama, mwonyeshe: mzigo ukishuka, hii inataka kupinda itoke nje kama ubavu, na kinachoizuia ni ringi. Zikiwa mbalimbali inapata nafasi ya kutoka. Mpe mchoro ashike yeye. Mwache afumue kwa mkono wake mwenyewe na awaambie vijana wake kwa mdomo wake mwenyewe. Wewe kaa pembeni.

Lakini ringi zifumuliwe. Upole wako usifike huko kwenye ringi. Machi 2013 nilikwenda mtaa wa Indira Gandhi, nikasimama mbele ya kifusi cha ghorofa lililoua watu zaidi ya 30, na Novemba 2024 tukayaona tena Kariakoo. Akikataa baada ya yote hayo, zege la nguzo zile halimwagwi, na utaliandika kwenye kitabu cha saiti bila kupandisha sauti. Na anayepanda jukwaa la ujenzi amelewa mteremshe saa hiyohiyo, hilo halina mjadala. Wa namna hiyo ni wachache kuliko unavyodhani.

Jambo jingine dogo: Jumamosi hakikisha vibarua wanalipwa kabla ya saa kumi. Mwenye kulipa ni bosi wako, sawa, ila wewe ndiye wanayekutazama. Mtu anayewaza nauli ya pantoni hasikii habari za ringi.

Umeniambia Ijumaa mnamwaga slebu, ile sakafu ya zege ya ghorofa. Zege halilali, mtachelewa. Mama yako atapika maandazi, nitayaleta mwenyewe saa nne, nikae na mafundi kivulini. Nitajitambulisha kuwa fundi mstaafu tu. Usiniite baba mbele yao mpaka tumalize chai.

Baba yako