Pamba tupu inazuiaje mvua?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua mitumba hapa Njombe, makoti mawili ya zamani ya Uingereza. Moja linanatanata na linanuka mafuta. Jingine ni pamba kavu, lebo yake imeandikwa Ventile. Muuzaji ameapa yote yanazuia mvua. La nta naelewa, lakini pamba tupu inazuiaje maji? Na niyafueje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Muuzaji hakukudanganya. Ila usiloweke kitu kwanza, maana kinacholifaa koti moja kinaliharibu jingine.

La kunata ni pamba iliyopakwa nta. Asili yake ni matanga: mabaharia wa Uingereza waliyapaka mafuta ya kitani ili yasitote, na vitambaa vya namna hiyo vikaishia mwilini mwao. Baadaye nta ikachukua nafasi ya mafuta, yaliyokuwa yakikakamaa kwenye baridi. Kampuni ya Barbour ilianza hivyo mwaka 1894 katika bandari ya South Shields, ikiwauzia mabaharia na wavuvi nguo za mvua. Hapo nta ndiyo inayoziba. Ukilitia kwenye maji moto na sabuni ya unga, nta yote inaondoka, unabaki na kitambaa cha kawaida.

Sasa hilo la Ventile. Nikilipata koti la namna hii mezani kwangu, huwa naacha kazi nyingine. Kitambaa chake kilibuniwa Manchester, katika taasisi ya utafiti wa pamba iitwayo Shirley Institute, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Marubani wa Uingereza waliosindikiza misafara ya meli walikuwa wakiangukia baharini kwenye maji ya barafu, na baridi ikiwaua kwa dakika chache tu. Walihitaji vazi linalopumua wakiwa ndani ya ndege, lakini linalojifunga likiguswa na maji.

Siri iko kwenye uzi. Inachaguliwa pamba ya nyuzinyuzi ndefu, inasokotwa, kisha inafumwa kwa kubanana mno. Pamba ikilowa huvimba, nawe umeshaona kamba ya pamba inavyokaza fundo ikiingia maji. Nyuzi za Ventile zikivimba hazina pa kwenda ila kusukumana, na vitundu kati yake vinazibika. Likikauka, vinafunguka tena.

Hakikisha mwenyewe. Lowesha pembe ya pindo kwa ndani, upana wa vidole viwili, usubiri kidogo, kisha ikunje. Itakuwa ngumu kama karatasi ya boksi. Hiyo ndiyo Ventile ikifanya kazi. Kama koti lina tabaka moja tu, mvua ya kutwa nzima itapenya mwishowe. La tabaka mbili ni imara zaidi.

Kufua: Ventile ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande isiyo kali, suuza mara tatu au nne. Sabuni ya unga ikibaki kwenye uzi huyavuta maji ndani. Likikauka, lipige pasi ya moto wa wastani. Matone yataanza tena kuteleza.

La nta lifute tu kwa sponji na maji baridi. Penye mikunjo iliyopauka, hasa viwiko na mabega, pasha kopo la nta ya makoti kwenye maji moto, paka kidogo kwa kitambaa, sugua mpaka izame. Nta ya mshumaa usiiguse, inapasuka kwenye mikunjo. Na yote mawili usimpe dobi.