Jibu: Kubeba kamera kwenye safari ya baiskeli za milimani

Ndugu, umeuliza kama inafaa kubeba kamera kubwa mnapokwenda na marafiki kuendesha baiskeli milimani katika majira ya kupukutika majani. Inafaa, mradi uifunge kifuani au kwenye begi lililobana mgongo, si kwenye usukani, ambako mtikisiko ni mkali zaidi.

Jambo zito zaidi ni mwanga: jua la majira hayo hukaa chini angani na siku hufupika, hivyo rangi za majani hupendeza zaidi jioni, wakati uleule ambao kundi linapaswa kuwa limeanza kuteremka. Kwa hiyo kubalianeni mapema kona moja au mbili tu, mpiga picha atangulie, na wengine wapite mmoja mmoja; kusimama kwenye kila mti wa manjano huwachosha hata marafiki wavumilivu. Ili anayeteremka kwa kasi aonekane wazi pichani, shata (kilango cha kamera kinachopitisha mwanga) ifunguke kwa 1/1000 ya sekunde hivi, ilhali 1/60, ukimfuata kwa kamera, huyatia ukungu majani yaliyo nyuma yake. Majani yaliyolowa huteleza na kuficha mizizi, basi mwendesha baiskeli asiombwe kuongeza mwendo kwa ajili ya picha. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, kwani baridi huipunguzia nguvu.