Intani, sainiwa leo leo

Juzi intani mmoja, yaani daktari aliyemaliza chuo na yuko kwenye mafunzo ya kazi hospitalini, aliniandikia: "Shikamoo dokta. Rejista wangu, daktari anayenisimamia, ameapa hanisainii kitabu cha mafunzo. Nifanyeje?" Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, lakini usingizi wote ukaniruka.

Mdogo wangu, nayajua hayo. Nikiwa intani wodi ya wazazi, bingwa aliniuliza kwenye raundi kuu majibu ya potasiamu ya mama aliyefanyiwa upasuaji. Hayakuwepo. Maabara walikuwa wameishiwa vitendanishi, na nilikuwa nimeandika hivyo kwenye faili. Hakusoma. Alilirusha faili kitandani, karatasi zikatawanyika juu ya miguu ya mgonjwa. "Chuo gani kilikupitisha wewe?" Wodi nzima ikasikia. Mama wa watu, na kidonda chake kibichi, ndiye aliyeanza kuziokota. Jioni nilipokwenda kumchukua damu alivuta mkono, akaomba aitiwe daktari mwenyewe. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko tusi lenyewe.

Nilimaliza. Leo na mimi ni bingwa, na najivunia kwamba hakuna intani aliyetoka kwangu analia.

Sasa sikiliza. Miezi 12 ya intani imeshikiliwa na saini za kwenye kitabu hicho, na anayekunyanyasa analijua hilo. Kwa hiyo usilimbikize. Umesaidia upasuaji leo, sainiwa leo, kabla hajaondoka tieta. Akikutukana, andika tarehe, saa, maneno yenyewe na nani alikuwepo. Masista wa zamu huona kila kitu, kaa nao vizuri. Kwa msimamizi wa maintani usiende peke yako, nenda na wenzako. Akikuandama kwa sababu ya jinsia, kabila au ujauzito wako, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza, na mwenendo wa daktari ni suala la Baraza la Madaktari Tanganyika. Lakini kwanza saini. Kila siku, saini.

Na ninyi mabingwa wenzangu mnaosema "hata sisi tulipitia humo humo," acheni. Intani aliyezoea kutukanwa hapigi simu saa nane usiku mgonjwa akibadilika. Anaogopa, anasubiri pakuche, na mama anaendelea kuvuja damu. Mkishamtisha hivyo, msimuulize kwenye kikao cha vifo kwa nini hakuwaita.