Je, magombo ya Qumran yanamtaja Yesu?
Ndugu, umeuliza kama magombo ya Qumran, yaani maandiko ya kale ya Kiyahudi yaliyoanza kupatikana mwaka 1947 karibu na Bahari ya Chumvi, yanamtaja Yesu. Hayamtaji, wala hayamtaji Yohana Mbatizaji, na mengi yaliandikwa kabla hawajazaliwa. Hata hivyo, kipande kiitwacho 4Q521 kinastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu kinasema kwamba Bwana atawaponya waliojeruhiwa, atawahuisha wafu na kuwahubiria maskini habari njema, maneno yanayokaribiana sana na jibu la Yesu kwa wajumbe wa Yohana katika Luka 7:22, ilhali Isaya 61, ambamo maskini wanaletewa habari njema, haisemi lolote kuhusu kufufuliwa kwa wafu. Kwa maoni yangu, tumaini hilo lilikwisha kuota mizizi miongoni mwa Wayahudi kabla Injili hazijaandikwa.