Mzee wa Benchi anajibu: Nimwanzishe au nimweke nje?

SWALI

Shikamoo Mzee wa Benchi. Mimi ni mwalimu wa timu ya mtaa hapa Uyole. Jumapili ya wiki ijayo, saa kumi jioni, tunakutana na watani wetu wa ng'ambo ya lami. Zawadi ni mbuzi, ila mbuzi si hoja. Tukifungwa, mwaka mzima hatutakwenda kunyoa upande ule kwa amani.

Nina kijana wa miaka 20, winga wa kushoto. Sijawahi kufundisha mtu mwenye mguu kama ule. Mpira ukimfikia tu, beki anaanza kurudi nyuma mwenyewe. Tatizo ni kwamba hatabiriki. Tulipocheza Igawilo siku ya Jumatano alifunga mawili. Jumapili yake pale Ilomba alikuwa anatembea, nikamtoa kabla ya mapumziko. Alhamisi ya sikukuu, dhidi ya vijana wa Inyala, aliwaka moto, akapiga watu tobo mpaka kipa. Kisha Jumapili mbili mfululizo amepoa kama uji wa jana. Katika moja ya hizo alinyang'anywa mpira, wakatufunga, wala hakurudi kukaba. Alisimama kashika kiuno. Mazoezi ya Jumamosi haji kwa sababu ya kazi yake ya kupakia viazi sokoni, na wenzake wamechoka naye.

Ninaye mwingine wa nafasi hiyo, dereva wa bodaboda. Chenga hana, lakini anapanda na kushuka dakika 90. Nahodha anataka aanze huyo. Mwenyekiti, ambaye mipira na jezi zinatoka mfukoni mwake, anasema asipomwona yule winga dakika ya kwanza, nauli tutajijua. Nifanyeje?

Mwalimu Mwenye Mawazo, Uyole, Mbeya

JIBU

Marahaba, mwalimu. Ndaga fijo kwa barua yenye nyama. Wengi huniandikia "Mzee, nina mchezaji anazingua, nifanyeje?", basi, nami nabaki kupiga ramli.

Yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilichukua kalamu nikazungushia siku. Jumatano, moto. Alhamisi, moto. Jumapili, Jumapili na Jumapili, majivu. Wewe unasema kijana hatabiriki. Mimi niko huku Mwanjelwa, sijawahi kumwona hata kivuli, na nimeshamtabiri.

Uyole nimeishi miaka sita, nyuma ya soko. Usiku wa Jumamosi nilikuwa nalala kwa tabu kwa kelele za wapakiaji, maana lori likiondoka usiku ule linaingia Dar es Salaam kabla soko la Jumatatu halijachangamka. Na gunia lenyewe unalijua. Ni lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu, linalopita kilo 100 huku wenye mizani wakitazama pembeni. Kijana anatwishwa, anapanda nalo ubao hadi juu ya bodi, anashuka, anatwishwa jingine. Akimaliza ni saa nane au tisa usiku, anakunywa chai na chapati mbili, analala kidogo. Saa kumi jioni wewe unampa jezi namba 11 na kumwambia amkimbize beki.

Winga hali kwa pumzi ndefu. Anakula kwa kasi fupi fupi: mita 15, simama, mita 20, geuka. Kasi hiyo inatoka kwenye akiba ya nguvu iliyomo ndani ya misuli, na akiba hiyo ikishakombwa haijazwi kwa chapati mbili. Inataka chakula cha kushiba na siku nzima au zaidi ya kupumzika. Ndiyo maana Jumatano anakuwa mtu mwingine. Aliposimama kashika kiuno mkadhani anaringa, mimi nadhani alikuwa anashika kiuno kwa sababu kiuno kilikuwa kinauma.

Inawezekana nimekosea. Wavivu wapo, nimefundisha wawili, mmoja wao alikuwa akijificha nyuma ya refa ili asipewe pasi. Kwa hiyo usinukuu gazeti. Mwite kijana pembeni, si mbele ya wenzake, umwulize Jumamosi iliyopita alilala saa ngapi na amepakia magunia mangapi. Ukimwuliza "kwa nini huchezi Jumapili", atainamisha kichwa na kuomba msamaha, na hutajua kitu.

Kama ni magunia, basi mechi yako haiko Jumapili saa kumi. Iko Jumamosi saa mbili usiku. Jua analipwa kiasi gani kwa usiku mmoja, kamati ichange hiyo hela, na wa kwanza kuchanga awe mwenyekiti, kwa kuwa kipaji hiki anakitaka sana. Ila hela peke yake haitoshi. Kwenye upakiaji ukikosa zamu mara mbili, mwenye kundi anamchukua mwingine, na Jumatatu kijana wako hana kazi. Tafuta mtu wa kumshikia zamu. Je, hamna mchezaji anayetumikia kadi nyekundu? Apakie yeye, jasho limtoke kwa faida ya timu.

Akilala Jumamosi, mwanzishe. Nasema hivyo bila kupepesa macho.

Akipakia, mwanzishe nje, na umwambie sababu asubuhi ya Jumapili kabla hajaona karatasi ya majina. Lakini usidhani benchi ni mahali pa bure. Hapa nina deni langu mwenyewe.

Mwaka 1994 nilikuwa na timu ya mtaa upande wa Iyunga. Nilikuwa na mchezaji wa aina hiyohiyo, wa kulia yeye, na alikuwa amechelewa mazoezi mara mbili. Siku ya dabi nikamkomesha, nikamkalisha. Ilikuwa mwezi wa sita, na unajua mwezi wa sita wetu ulivyo. Upepo unashuka kutoka mlima Loleza kama kisu. Kijana amekaa saa nzima na kaptura, kandambili miguuni, mikono kaifungia kwapani. Sweta lilikuwepo moja tu kwenye benchi, na nilikuwa nimelivaa mimi. Tukawa nyuma 2-0, watu wakaanza kuimba jina lake, nikapandwa na hamaki: "Ingia!" Hakukimbia hata hatua kumi kupasha mwili. Mpira wa kwanza akamtoka beki, jukwaa likasimama. Wa pili akashika nyuma ya paja akakaa chini. Dakika nne. Sabu zilikuwa zimekwisha, tukamaliza kumi, tukala nne. Hakucheza tena mwaka ule. Mpaka leo tukikutana Kabwe ananisalimia vizuri, tena kwa heshima, na bora angenitukana.

Kwa hiyo kama anaanzia nje, dakika ya 30 awe ameshainuka, anakimbia taratibu nyuma ya goli, ananyoosha, anachezea mpira. Aingie mwanzo wa kipindi cha pili, siyo dakika ya 80 watu wakishaanza kukutukana. Na kamuulize msimamizi mapema kuhusu sabu. Ligi kubwa sasa wanaruhusu tano, zinazofanywa kwa kusimamisha mchezo mara tatu tu ukiacha mapumziko. Mechi za mbuzi kila mtu ana kanuni yake, wengine wanakubali aliyetoka arudi.

Kuanzia nje si matusi, mwambie hivyo. Oktoba 20, 2013, Yanga walikwenda mapumziko wakiwaongoza Simba 3-0, na pale Taifa watu wa upande mmoja walishaanza kutafuta milango. Abdallah Kibadeni, kocha wa Simba wakati ule, akawaingiza vijana wawili, Said Ndemla na William Lucian. Mechi iliisha 3-3. (Huyo Kibadeni ndiye aliyewafunga Yanga matatu peke yake kwenye ile 6-0 ya mwaka 1977, kwa hiyo dabi alikuwa anaijua kwa ndani na kwa nje.)

Na wakikuletea habari za "mchezaji asiyeaminika haanzi dabi", wakumbushe Mario Balotelli, mshambuliaji wa Manchester City wakati ule. Oktoba 2011, usiku wa kuamkia Jumamosi, nyumba yake iliungua kwa fataki zilizolipuliwa bafuni. Mwalimu mwingine angemfungia chumbani. Kocha wake, Roberto Mancini, alimwanzisha Jumapili hiyo Old Trafford dhidi ya Manchester United, akafunga mawili, beki Jonny Evans akala nyekundu kwa kumvuta yeye, na City wakashinda 6-1. Aprili iliyofuata mtu huyohuyo akatolewa kwa kadi nyekundu kule kwa Arsenal, City wakalala 1-0, na wengi tukasema basi, msimu wake umekwisha. Mei 13, 2012 akaingia kutoka benchi dhidi ya QPR, na dakika za nyongeza, akiwa anaanguka, akausukuma mpira kwa Sergio Agüero. Lile goli lililowapa ubingwa, pasi ilitoka kwake. Ameanza, ameamua, ameingia, ameamua. Sasa mtu kama huyo utamwekea kanuni gani ya ukutani?

Tuje kwenye uwanja wako. Umeandika kana kwamba lazima uchague mmoja kati ya winga na bodaboda. Nani kasema? Namba 3 wako, beki wa kushoto, hukumtaja hata kwa neno, nami nachukulia kwamba hakukoseshi usingizi wala hakupi furaha. Mrudishe bodaboda pale, nyuma ya winga. Mtu anayepanda na kushuka dakika 90 bila chenga, huyo ni beki wa pembeni ambaye hajaambiwa. Ila mjaribu Jumanne na Alhamisi. Usimpe nafasi mpya Jumapili mbele ya wajomba zake. Kiungo mkabaji naye alalie kidogo kushoto, kwa sababu watani wako wameshasikia sifa za kijana, na wakimnyang'anya mpira watapita palepale alipotoka.

Winga mpe kazi mbili tu za ulinzi. Akinyang'anywa mpira, amfukuze aliyemnyang'anya hatua tano, asimame njiani pake. Mpira ukiwa upande wa pili, arudi mpaka usawa wa duara la kati. Ukimwambia "rudi ukabe" tupu, atakimbia hadi langoni kwenu kukuridhisha, na mtakapopata mpira hayupo mbele.

Robo saa ya kwanza msimpe mpira mguuni akiwa amewapa mgongo. Dabi ya mtaani huanza kwa viatu, refa bado ana haya ya kutoa kadi, na beki wao atakuja kwenye kifundo kama amekodishwa. Mpigieni nyuma ya beki, kwenye nafasi, akimbie. Namba 2 wao, huyo beki wa kulia, akishapata njano, hapo sasa mpeni miguuni mpaka achoke.

Nahodha wako ana haki ya kukasirika. Anakimbia kwa niaba ya mtu na hajui sababu. Mweleze habari ya magunia Jumanne, kijana akiridhia, na nadhani yeye mwenyewe ndiye atakayetafuta wa kushika zamu.

Mwenyekiti mwachie kuchagua mbuzi. Nauli kutoka Uyole mpaka ng'ambo ya lami, mwalimu, ni miguu.

Usiku wa Jumamosi pita kwao. Usiende kama polisi. Nenda na kifurushi cha mchele na maharage, mwambie mama yake kwamba kesho kuna mechi. Ukimkuta amelala, rudi zako nyumbani na jina lake liwe la kwanza kwenye karatasi. Ukiambiwa ametoka na jaketi la kazi, usimgombeze mzazi. Utakuwa na kazi ya dakika 30 nyuma ya goli.

Na kwa ajili hiyo, kesho nampa kondakta wa daladala ya Uyole bahasha yenye jina la timu yako. Ndani kuna sweta la kijani, la kipa, la zamani. Limetoboka kiwiko cha kushoto lakini linashika joto. Ni la atakayekaa benchi, siyo lako.